Jivu huficha kaa, alama za mtihani huficha nini?

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa na pasi ya makaa. Kabla ya kuipitisha juu ya sare zetu za shule, alikuwa akiinyanyua na kuisogeza karibu na shavu lake, bila kuligusa, akatulia kidogo, kisha akaamua: ama iko tayari, ama iongezwe makaa, ama iachwe ipoe kwanza isije ikaunguza kola. Chuma cha pasi ile hakikuwa chekundu. Hakikutoa mwanga wowote ambao jicho lingeweza kuuona. Hata hivyo, kilitoa kitu fulani kilichosafiri hadi kwenye shavu la mama, na shavu likakisoma kitu hicho kwa usahihi mkubwa hata sikumbuki shati letu lililowahi kuungua.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa katika shule ya upili, mwalimu wa fizikia alitupa fasili ya mionzi ya infraredi. Tuliiandika kwa Kiingereza, tukaikariri, tukaimimina kwenye karatasi siku ya mtihani, nami nikapata alama zote za swali hilo. Katu haikunipitikia akilini kwamba niliyokuwa nikiyaandika ndiyo yale aliyokuwa akiyapima mama yangu kwa shavu lake kila Jumapili jioni. Alama nilizipata; maana sikuipata hadi nilipokuwa mtu mzima.

Nimeikumbuka pasi hiyo hivi majuzi kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa idara ya fizikia. Alikuwa ameombwa azungumze na walimu na wanafunzi wa shule za upili kuhusu kazi inayomshughulisha, yaani uundaji wa vielelezo vya hisabati vya mwanga wa infraredi utokao katika galaksi zenye vumbi jingi na mng'ao mkubwa kupita kiasi. Alinijia na kurasa kumi za Kiingereza. "Mwalimu," akaniambia, "hebu nitafsirie hizi. Wewe ndiwe mwenye maneno." Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilituchukua wiki tatu, na kilichotuchelewesha, ndugu msomaji, hakikuwa maneno.

Ningependa kueleza tuliyokutana nayo katika wiki hizo tatu, kwa sababu naamini yana funzo kwa kila mtu anayesimama mbele ya darasa, na kwa kila anayeketi ndani yake.

Hebu tuanze na galaksi zenyewe. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota zinazoshikiliwa pamoja na nguvu za mvutano. Hii yetu ndiyo ule ukungu mweupe unaoonekana kuipasua anga usiku usio na mwezi, hasa mtu akiwa mbali na taa za mjini. Baina ya nyota hizo mna gesi, na ndani ya gesi mna vumbi. Chembe za vumbi hilo ni ndogo mno. Nyingi hazifikii hata elfu moja ya milimita. Zimefanywa kwa vitu tunavyovijua: silikati, ambayo ni jamaa ya mchanga, na kaboni, ambayo ni jamaa ya masizi yanayoganda kwenye paa la jikoni.

Hapa ndipo yalipozuka mabishano yetu ya kwanza. Mwenzangu aliandika "vumbi" kwa kuwa Waingereza husema hivyo. Nikamwuliza: je, chembe hizi ni kama vumbi linalotimka njiani, au ni kama moshi unaoelea? Akanyamaza, akafikiri, akakiri kwamba kwa ukubwa wake zinakaribia zaidi chembe za moshi. Hatimaye tulibaki na neno vumbi, maadamu limekwisha kuzoeleka, lakini tukaongeza sentensi moja ya kufafanua kwamba ni vumbi laini mfano wa moshi. Kwa swali hilo dogo la Kiswahili, mtaalamu alilazimika kulitazama upya jambo alilolifanyia kazi kwa miaka mingi.

Sifa kuu ya vumbi hilo ni kwamba humeza mwanga. Nyota changa zilizo kubwa hutoa mwanga mwingi wa buluu na wa urujuanimno, na mwanga huo ndio unaomezwa zaidi. Lakini nishati haipotei. Vumbi likishaumeza mwanga hupata joto, na likishapata joto hutoa nishati ileile kwa sura nyingine, yaani infraredi. Aliyewahi kukaa karibu na jiko la makaa anaijua hali hii. Makaa yakifunikwa na jivu, wekundu wake hupotea machoni, na mgeni anaweza kudhani kwamba moto umezimika. Sogeza kiganja, nawe utajua mara moja kwamba haujazimika.

Mwanga huu usioonekana uligunduliwa mwaka wa 1800 na William Herschel huko Uingereza. Aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ukajigawa rangi mbalimbali, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kimoja nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, kipimajoto kikapanda zaidi ya vile vilivyokuwa ndani ya rangi. Ndipo likatokea jina lake, kwani "infra" ni neno la Kilatini lenye maana ya chini, yaani mwanga ulio chini ya mwekundu. Mwaka wa 1893 Mjerumani Wilhelm Wien akatoa kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kuitumia: gawanya 2,900 kwa joto la kitu katika vipimo vya kelvini, nawe utapata, kwa mikromita, urefu wa wimbi ambapo kitu hicho hung'aa zaidi. Jua lina joto la takriban kelvini 5,800 kwenye uso wake, basi jibu ni nusu ya mikromita, ambao ni mwanga tunaouona. Mwili wa binadamu una kelvini 310, basi jibu ni mikromita 9 na kidogo. Vumbi la galaksi aghalabu lina joto la kelvini 40 hivi, yaani nyuzi 233 chini ya sufuri ya Selsiasi, basi jibu linapita mikromita 70. Kitu baridi kiasi hicho bado kinang'aa, ila kinang'aa mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa muda mrefu anga hiyo ya infraredi haikujulikana vyema, kwa kuwa unyevu ulio hewani humeza sehemu kubwa ya mionzi hiyo kabla haijatufikia. Isitoshe, darubini yenyewe, kwa kuwa ina joto, hung'aa katika mionzi iyo hiyo, na kutafuta galaksi kwa chombo cha namna hiyo ni sawa na kumtafuta kimulimuli adhuhuri. Ndipo mnamo Januari 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zikarusha setilaiti iliyoitwa IRAS, ambayo darubini yake ilipozwa kwa heliamu ya majimaji. Iliipima karibu anga nzima kwa miezi kumi, hadi heliamu ilipokwisha.

IRAS ilidhihirisha jambo la kushangaza. Zilikuwako galaksi ambazo katika picha za kawaida hazikuonekana kuwa na ukuu wowote, lakini katika infraredi ziling'aa kama tanuri. Mfano mashuhuri ni Arp 220, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 250 kutoka kwetu. Iliingizwa mwaka wa 1966 katika orodha ya galaksi zenye maumbo yasiyo ya kawaida iliyotayarishwa na Mmarekani Halton Arp. Ni galaksi mbili zilizogongana na ambazo sasa zinaungana kuwa moja. Mng'ao wake unapita ule wa majua trilioni moja, na sehemu kubwa kabisa ya mng'ao huo huja kwa njia ya infraredi. Galaksi yetu huzaa nyota zenye jumla ya uzito wa jua moja au mawili kwa mwaka. Galaksi kama hiyo huweza kuzaa za uzito wa mamia ya majua kwa mwaka.

Nayo Arp 220 si kilele cha mambo. Mwaka wa 2015 wanasayansi waliotumia setilaiti ya WISE walitangaza galaksi iitwayo W2246-0526, ambayo mwanga wake umesafiri kwa takriban miaka bilioni 12.5 kabla ya kutufikia, na ambayo mng'ao wake ulikadiriwa kupita wa majua trilioni 300. Mwaka wa 2018 darubini za ALMA zilizoko Chile zilionyesha kwamba inazinyonya galaksi tatu ndogo zilizo jirani yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mtu atajuaje kilicho chini ya vumbi? Mwanga wa awali hatuna. Tulicho nacho ni joto la vumbi lililoumeza mwanga huo. Ni kama mtu aliyepokea habari kwa kinywa cha mtu wa tatu, naye anataka kujua msemaji wa kwanza alisema nini.

Hapo ndipo vielelezo vinapoingia, au modeli kama wengine wanavyopenda kuviita. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtaalamu wa galaksi hawezi kukipandisha pwani chombo cha watu na kukagua mbao zake. Anachoweza ni kuunda chombo chake mwenyewe ndani ya kompyuta, akitie majini, na atazame kama kitaelea jinsi kile cha mbali kinavyoelea. Huanza kwa kukisia chanzo cha mwanga: nyota changa za umri fulani, au shimo jeusi linalovuta gesi. Kisha hukizungushia vumbi: kiasi gani, la aina gani, limekaa kwa umbo gani. Halafu huifuatilia safari ya mwanga ndani ya vumbi hilo, mara nyingi kwa kuiachia kompyuta irushe kete mamilioni ya nyakati ili kuamua kama kila chembe ya mwanga itamezwa, itapotoshwa njia au itapenya. Mwishowe hupata mchoro wa nishati katika kila urefu wa wimbi, na kuulinganisha na vipimo vya darubini. Visipolingana, kielelezo hurudishwa kiwandani. Sharti moja halivunjwi: nishati iliyomezwa na ile iliyotolewa lazima zitoshane.

Kuna dalili zinazosaidia. Vumbi lililo karibu na shimo jeusi hupata joto la mamia ya kelvini, hata zaidi ya 1,000, hivyo hung'aa katika mawimbi mafupi kuliko vumbi la kelvini 40 lililotanda penye nyota changa. Silikati humeza mwanga kwenye mikromita 9.7, na pengo linaloonekana hapo hudokeza unene wa pazia la vumbi. Vilevile zipo molekuli za kaboni za jamii ile inayopatikana katika moshi wa nyama inayochomwa. Hizo hung'aa katika mawimbi maalumu, kama mikromita 7.7 na 11.3, penye nyota changa, ilhali karibu na shimo jeusi aghalabu huharibiwa au kufifia.

Lakini dalili hizo zina mitego yake. Vumbi linalolizunguka shimo jeusi hudhaniwa kukaa kwa umbo la duara nene lenye tundu katikati. Mwenzangu alihangaika kutafuta neno la umbo hilo, nami nikamkumbusha kwamba mabibi zetu wamekuwa wakilibeba kichwani siku zote chini ya mtungi. Ni ngata. Ukiitazama ngata kwa juu, unaona tundu na kilichomo ndani yake. Ukiitazama kwa ubavu, huoni ila ukingo. Basi galaksi moja, ikitazamwa kutoka pande mbili, hutoa michoro miwili tofauti, na mtaalamu anayedhani kwamba ngata hung'aa sawasawa kila upande huweza kukosea mng'ao wake kwa mara kadhaa.

Mtego mkubwa zaidi ni kinyume cha huo. Mioto miwili tofauti huweza kutoa joto moja. Nyota changa zilizofunikwa na vumbi zito sana, na shimo jeusi lililofunikwa na vumbi zito sana, huweza kutoa michoro inayokaribia kufanana, kwa sababu vumbi limeumeza mwanga, likautoa, likaumeza tena, hata alama za chanzo zikafutika. Ndiyo maana hadi leo wataalamu wanajadili ni kiasi gani cha mng'ao wa Arp 220, kama kipo, kinatokana na shimo jeusi. Mchoro mmoja, hata ulingane na kielelezo kwa uzuri wa namna gani, hautoshi kuthibitisha.

Nilipofika kwenye aya hiyo katika tafsiri yetu, nilisimamisha kalamu. Niliuona mtihani wangu wa fizikia wa shule ya upili.

Maana, ndugu mwalimu, hebu fikiria watahiniwa wawili. Mmoja ameelewa kwa nini vumbi baridi hung'aa. Mwingine amekariri kwamba hung'aa. Wote wawili wameandika sentensi ileile ya Kiingereza, neno kwa neno, nawe umewapa wote alama tatu kwa tatu. Mioto miwili, joto moja. Karatasi ya mtihani haiwezi kuwatofautisha, na wewe huna makosa, kwa kuwa unasahihisha kilichoandikwa. Lakini ukiondoka hapo ukiamini kwamba umewajua wanafunzi hao, umefanya kosa lile ambalo mtaalamu wa galaksi hujihadhari nalo kila siku.

Kosa hilo lina gharama, na historia ya taaluma hiyo inatuonyesha. Mwaka wa 1991 kundi lililoongozwa na Michael Rowan-Robinson wa Uingereza lilitangaza galaksi iitwayo IRAS F10214+4724. Kwa hesabu za wakati huo, hakikuwako kitu chenye mng'ao mkubwa zaidi kilichojulikana ulimwenguni. Hesabu zenyewe hazikuwa na kasoro. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1990, ikabainika kwamba mbele ya galaksi hiyo kuna galaksi nyingine ambayo mvutano wake unaupinda mwanga na kuukuza, kama kioo cha kukuzia maandishi. Galaksi iliyokuwa nyuma ilikuwa na mng'ao mkubwa kweli, lakini si mkubwa kama ulivyodhaniwa. Kilichoirekebisha hesabu ni kuitazama kwa chombo kingine na kuona lililokuwa limekaa mbele yake.

Kwa hiyo, dawa ya wataalamu dhidi ya mioto inayofanana ni kupima kwa wimbi jingine. Kama infraredi haiamui, wao hutazama redio. Kama redio haitoshi, hutazama eksrei, ambayo ikiwa na nguvu ya kutosha hupenya vumbi linaloushinda mwanga wa kawaida. Na hapa inafaa tukumbuke kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa uchunguzi wa eksrei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani waliipa jina la Uhuru. Tangu hapo neno la Kiswahili limo katika vitabu vya unajimu wa kisayansi duniani kote. Wageni hawakuona haya kulitumia. Sisi wenyewe ndio tunaoona haya kulifuatisha na sentensi nzima.

Nadai basi kwamba kwa mwalimu wa sayansi nchini Kenya, Kiswahili kinaweza kuwa wimbi hilo jingine. Mwanafunzi aliyejibu vyema kwa Kiingereza, mwambie: nieleze jambo hilohilo kwa Kiswahili, kana kwamba unamweleza ndugu yako aliye darasa la tano. Aliyeelewa atapapasa kidogo, atatafuta mfano, atataja jiko au pasi au mtungi, na atafika. Aliyekariri atakwama kwenye neno la pili, kwa sababu alichokuwa nacho kilikuwa mfuatano wa sauti. Mficha uchi hazai, na mwanafunzi anayeficha kutoelewa kwake ndani ya fasili ya kigeni hatazaa ujuzi wowote.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mitihani yetu ya sayansi hutungwa kwa Kiingereza. Ni kweli, wala sisemi ibadilishwe kesho. Ninachokiomba ni dakika kumi kwa wiki. Aliyeelewa kitu kwa lugha anayoiwazia hukieleza vyema zaidi kwa lugha ya mtihani. Sijamwona mtu aliyedhurika kwa kuelewa.

Pingamizi ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Pingamizi hii nimeisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi, na aghalabu huitoa mtu ambaye hajajaribu. Katika kurasa zetu kumi tulipungukiwa na maneno machache tu, na mengi kati ya hayo tuliyakopa: infraredi, galaksi, silikati. Kukopa si aibu. Waingereza walilikopa "infra" kwa Warumi, na "galaksi" kwa Wayunani, ambao walilipata kutokana na neno lao la maziwa. Sisi tuliyakopa sayari na falaki kwa Waarabu, na nyota na kilimia tunayo wenyewe. Nchini Tanzania watoto wa shule za msingi za umma hufundishwa sayansi kwa Kiswahili, na majani hayajaacha kutengeneza chakula kwa sababu hiyo. Kilichotutesa sisi wawili ni yale maneno mepesi ya Kiingereza ambayo mwenzangu aliyazoea hata akaacha kujiuliza yana maana gani. Kila nilipomwuliza "maana yake nini hasa?" alirudi ubaoni, na mara mbili aligundua kwamba alichokiandika hakikuwa sahihi.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito, nami naikubali: Kiswahili nacho hukaririwa. Mwalimu akitunga fasili ya Kiswahili, akaiandika ubaoni na kuwaamuru wanafunzi wainakili, tutakuwa tumebadilisha jivu tu, na kaa litabaki limefichwa. Faida ya Kiswahili hapa ni kwamba jibu lake halijachapishwa katika kitabu cha marudio. Mwanafunzi hana pa kulichota ila kichwani mwake. Siku jibu hilo litakapochapishwa na kuuzwa madukani, itatubidi tutafute wimbi jingine.

Kwa walimu wa Kiswahili, nao wana deni lao. Insha tunazowapa wanafunzi huwa ni zilezile: ajali niliyoishuhudia, madhara ya dawa za kulevya, sherehe ya arusi. Kwa nini tusiwape insha ya kueleza jinsi mtu anavyoweza kujua kama kuna moto asiouona? Kwa nini mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa fizikia wasisahihishe insha moja pamoja, huyu akitazama lugha na yule akitazama ukweli? Nasi wa vyuo vikuu, tuliojifungia na nadharia zetu za sintaksia, tutoke tukawasaidie wenzetu wa sayansi, kwani Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kuzungumzia nyota itakuwa rasmi kwa jina tu.

Wataalamu wamekadiria kwamba takriban nusu ya mwanga wote uliotolewa na nyota na galaksi tangu ulimwengu uanze kung'aa umemezwa na vumbi na kutolewa tena kama infraredi. Kwa karne nyingi waliokuwa wakiitazama anga kwa macho na darubini za kawaida waliikosa nusu hiyo, na hawakujua kwamba wanaikosa. Sina kipimo cha kuniambia ni sehemu gani ya akili za wanafunzi wetu tunayoikosa kwa kutazama alama peke yake. Najua tu kwamba yangu mimi ilikosekana kwa miaka mingi, na karatasi yangu ilikuwa na alama zote.

Hotuba ya mwenzangu ilifanyika. Ukumbi ulijaa. Alipomaliza, msichana mmoja alisimama nyuma kabisa akauliza kwa Kiswahili: ikiwa vumbi la galaksi linameza mwanga na kuutoa tena, je, siku moja litaacha kumeza? Mwenzangu alimjibu kwa karibu robo saa, akamweleza jinsi nyota zinavyolipuka na kulitawanya vumbi, na jinsi mionzi ya shimo jeusi inavyoweza kulisukuma hadi galaksi ikajifunua. Katika miaka yote ambayo amefundisha, aliniambia tulipokuwa tukitoka, hakuwahi kuulizwa swali hilo.

Shime basi, walimu. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kitabu, muulize mwanafunzi wako kwa nini mtu huisogeza pasi karibu na shavu, na umwache ajibu hadi mwisho.